Kuku mpya asilale bandani leo

Wasee, hii tabia ya kununua kuku wawili sokoni na kuwatupa bandani jioni hiyo hiyo, tuwache. Eti "watazoeana tu." Watadonoana hadi damu itoke, na kuku wakishaona damu ndio wanazidi.

Na vita ndiyo shida ndogo. Kubwa ni Newcastle. Kuku anaweza kukaa siku kadhaa akiwa mzima machoni na tayari amebeba virusi. Ugonjwa huo una chanjo, dawa hauna. Banda la mathee, lile linalolipa karo, linaweza kuisha ndani ya wiki.

Kwa hivyo watenge wiki 3 au 4, mbali, na vyombo vyao. Lisha wa zamani kwanza, wageni mwisho, juu hata viatu vyako hubeba ugonjwa. Halafu weka wavu katikati waonane siku kadhaa bila kugusana. Siku ya kuwachanganya, ongeza vyombo vya chakula, maanake kuna madam wa banda atakalia kimoja na kufukuza kila mtu. Na usilete mmoja pekee, ataonewa vibaya.

Huna nafasi ya kuwatenga? Basi usinunue bado.