Kumwomba Mzazi Ruhusa ya Kusoma Ng'ambo

Kila mwaka wako vijana wapatao nafasi ya kusoma katika nchi za mbali, na kila mwaka wako wazazi wakataao kuwaruhusu. Kijana akikataliwa, mara nyingi hununa, au husema ya kwamba wazazi wake ni wajinga. Mimi naona ya kuwa kijana huyo hakukataliwa. Ameulizwa maswali, naye hakuyajibu.

Maswali yenyewe ni matatu. Fedha zitatoka wapi? Nani atamtunza mwanangu akiugua ugenini? Tena, je, atarudi? Haya hayatoki katika ujinga, yatoka katika mapenzi. Baba mwenye ng'ombe wanne hawezi kuuza watatu kwa ajili ya neno "nataka" peke yake.

Kwanza, habari ya fedha. Yakupasa ujue hesabu yote: ada, nauli, chakula, hata nguo za baridi. Iandike katika karatasi, uwasomee wazazi wako, wala usifiche kitu. Mwaka 1959 ndege iliondoka Nairobi ikichukua wanafunzi 81 kwenda Marekani, kwa jitihada za Tom Mboya na rafiki zake wa huko. Nauli ilitolewa na wafadhili, lakini jamaa na majirani wengi walichanga fedha za matumizi. Watu hawachangi mali yao kwa jambo wasilolielewa.

Pili, habari ya kutunzwa. Hapa jibu si maneno, ni mwenendo wako. Kijana asiyefua nguo zake, wala haamki asipoamshwa, atawezaje kuishi peke yake katika mji wa wageni? Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tena ng'ambo si Ulaya tu. Julius Nyerere alitoka Tanganyika mwaka 1943 akaenda kusoma Makerere, katika Uganda. Edinburgh alikwenda baadaye, mwaka 1949. Huenda mzazi aogopaye safari ndefu akakubali kwanza safari fupi.

Tatu, habari ya kurudi. Ni kweli, wako waliokwenda wasirudi, na wazazi wao wakazeeka wakingoja. Lakini wako pia waliorudi. Nyerere alirudi mwaka 1952, akawa mwalimu huko Pugu. Wangari Maathai wa Kenya alikwenda Marekani mwaka 1960, akarudi mwaka 1966. Na mwaka 1977 akaanzisha kazi ya kupanda miti pamoja na akina mama wa vijijini. Wasimulie wazazi wako habari hizi, ila usidhani ya kuwa zatosha. Mwanafunzi akaaye bweni katika wilaya ya jirani, naye haleti salamu nyumbani muhula mzima, nani atamsadiki akisema hatawasahau wazazi wake akiwa Ulaya?

Basi, ukiisha kujibu yote, nao wakakataa bado, ufanye nini? Usitoroke, wala usiseme uongo. Mwendee mtu wanayemheshimu, kama mjomba, shangazi au mwalimu wako, akusemee. Wangari huyo alipokuwa mtoto, kaka yake ndiye aliyemwuliza mama yao kwa nini yeye haendi shule kama ndugu zake, mama akakubali. Neno la mtu mwingine laweza kuingia mahali ambapo lako limezuiwa. Kisha ngoja, maana mzazi aliyekataa leo aweza kuwaza usiku, akabadili shauri lake.

Ninyi mngali wadogo, na safari hiyo i mbali. Lakini kuomba kwenyewe si kazi ya siku moja. Mtoto atumwaye dukani akarudisha chenji yote, atumwaye kisimani akarudi kwa wakati, huyo amekwisha kuanza kuomba ruhusa, ingawa hajasema neno.