Mashine Zinazopima Ngozi

Siku hizi watu wengi huzipiga picha ngozi zao kwa simu, nayo programu ya akili mnemba huwaambia ugonjwa walio nao au dawa ya kupaka. Wauzaji wake husema kwamba mashine haina upendeleo, maana haina moyo. Sisi twakataa. Mashine hujua yale tu iliyofundishwa, na mwamba ngoma huvutia kwake.

Mwaka 2022 wataalamu wa Stanford, huko Marekani, walizijaribu programu 3 za kutambua magonjwa ya ngozi, kwa picha 656 za watu wa rangi mbalimbali. Zilikosea zaidi katika ngozi nyeusi. Si ajabu, kwani picha zilizozifundisha zilikuwa nyeupe tele, nyeusi haba. Na uvimbe ulio mwekundu juu ya ngozi nyeupe, kwetu huonekana wa zambarau au mweusi zaidi. Walakini zilipofundishwa kwa picha zilizochanganyika, tofauti ile ilipungua. Basi kosa si la ngozi, ni la mwalimu.

Sisi walimu hatumpi cheti mtoto aliyesoma nusu ya kitabu. Vivyo hivyo kila muuzaji na aseme waziwazi programu yake imejaribiwa kwa ngozi nyeusi ngapi. Asiyeweza kusema, tusimpe hata senti moja. Nawe mwenye kidonda kisichopona, usitulizwe na simu: nenda hospitali, daktari akione kwa macho yake.