Kamera za umma na watoto wasiotulia

Kila ifikapo tarehe 12 Januari, watoto wetu wa halaiki huupamba uwanja kwa mbio na michezo waliyoifanyia mazoezi siku nyingi. Lakini picha zinazobakia katika makabati ya ofisi huwaonyesha zaidi wakiwa wamesimama mstari, wamekaza shingo mithili ya askari wa zamu. Waliokimbia wamegeuka vivuli. Hilo si kosa la watoto, wala mara nyingi si la mpiga picha; ni kosa la aliyeketi mezani akaidhinisha ununuzi wa kamera bila ya kuuliza itatumika kupiga picha ya nini.

Wakuu wa ofisi, na hata mzazi anayejinyima ili aweke kumbukumbu ya wanawe, hawana budi kuelewa kwamba mtoto mwenye mbio hasimamishwi na wingi wa megapikseli zilizoandikwa juu ya boksi. Anayemsimamisha ni shata, yaani kile kipazia kinachofunguka na kufunga ili kuingiza mwanga. Kwa mtoto anayekimbia yatakiwa ifunguke kwa sekunde 1/500, na bora zaidi 1/1000. Kwa paka arukaye ukuta au mbuzi aliyekata kamba, hata 1/2000. Muda ukiwa mfupi kiasi hicho, mwanga unaoingia ni haba. Alasiri ya Idd pale Mnazi Mmoja jua hutusitiri. Baada ya Magharibi, watoto wakiwa ndiyo kwanza wamechangamka, kamera nyingi huaibika.

Hapo ndipo lenzi inapotoa hukumu. Ile ya milimita 18 hadi 55, iuzwayo pamoja na kamera katika boksi moja, ikivutwa hadi mwisho tundu lake kwa kawaida halizidi f/5.6. Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8, ambayo ni miongoni mwa zile za bei nafuu, huingiza mwanga karibu mara kumi ya huo. (Msomaji asitatizwe na hesabu hii: nambari ikiwa ndogo, tundu ni kubwa.) Kwa uwanja mpana ipo ya milimita 70 hadi 200 yenye f/2.8, nzito na ghali. Moja ikitunzwa vyema, mbali na hewa yetu ya chumvi na unyevu uoteshao kuvu ndani ya vioo, yaweza kuhudumia idara kadhaa kwa zamu.

Wauzaji hupenda kusifu kituliza mtikisiko. Ni chombo kizuri, lakini kazi yake ni kutuliza mkono wa mpiga picha. Miguu ya mtoto haijui habari zake.

Ni kweli kwamba tundu kubwa lina gharama yake. Sehemu inayoonekana wazi huwa nyembamba, pua ikawa safi na jicho likafifia. Kwa ajili hiyo kamera yenyewe nayo ina umuhimu wake, si kwa ukubwa wa umbo bali kwa wepesi wa kumfuata anayekwenda. Mwaka 2019 kampuni ya Sony ilitia katika baadhi ya kamera zake uwezo wa kulitambua na kulifuata jicho la mnyama, baada ya lile la binadamu, na mwaka 2020 Canon na Nikon nao walikuwa na kamera zenye uwezo wa namna hiyo. Kamera ya aina hiyo, hata ikiwa imekwisha tumika miaka michache, pamoja na lenzi njema, ni bora kuliko mpya ya fahari iliyofungwa lenzi hafifu.

Tunawataka wahusika wa manunuzi kwamba, kabla ya hundi kutiwa saini, mpiga picha akabidhiwe kamera na lenzi ile ile inayokusudiwa, aende nayo, kwa idhini ya mwalimu na wazazi, penye chuo jioni watoto wanapotoka mbio na misahafu yao kifuani. Picha hizo ziletwe mezani. Zikiwa vivuli, kamera irudi dukani.