Tumbaku si dawa ya mzinga

Mwaka juzi jirani yangu hapa Sikonge alinishauri nitie majani ya tumbaku kwenye bomba la moshi. "Mwalimu, utitiri wote utadondoka," aliniambia. Ulidondoka kweli. Nyuki nao wakadondoka, na waliosalimika walihama kabla ya Ijumaa, wakaniachia masega na majana yaliyokufa. Nikotini ni sumu ya wadudu, na nyuki ni mdudu. Sijui nilitegemea nini.

Siku hizi kila tukikutana wafugaji, yupo aliyesoma kwenye simu kwamba Ulaya wanatibu utitiri wa varoa kwa mafuta ya thimo au asidi ya oksaliki, naye anataka aanze kesho, maadamu imeitwa tiba asilia. Wazungu wanavitumia, sibishi. Kwao kundi lisilotibiwa mara nyingi hufa ndani ya miaka michache. Lakini asidi ile huua utitiri ulio mwilini mwa nyuki tu. Uliojifungia na majana chini ya vifuniko vya nta haufikiwi. Ndiyo maana wenzetu husubiri majira ya baridi, malkia akiwa hatagi. Wa kwangu hapa Tabora nimsubiri hadi lini? Thimo nayo, jua likiwa kali, hufukuza nyuki, na nyuki wetu kuhama hawahitaji kubembelezwa.

Varoa iliripotiwa Tanzania na Kenya mwaka 2009, tukajiandaa kwa msiba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliikuta karibu Kenya nzima, isipokuwa kaskazini ya mbali, na makundi yalikuwa yanaishi nayo bila dawa. Nyuki wetu husafishana miili. Hufukua majana yenye kasoro na kuyatupa nje. Halafu hugawanyika na kuhama, na kila wakihama utitiri unakosa majana ya kuzalia. Tabia hiyo ya kuhama nimeitukana miaka mingi.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: tusitibu. Tukiyashikilia kwa dawa makundi dhaifu, ndiyo yatakayotuzalishia malkia wa kesho. Na anayefikiria kuagiza malkia wa Ulaya kwa sababu ni wapole, aagize na ugonjwa wake.

Mimi siku hizi nahesabu tu. Nachota nusu kikombe cha nyuki, kama 300 hivi, nawatia kwenye chupa yenye mfuniko wa wavu pamoja na sukari laini ya kupambia keki, natikisa. Utitiri unateleza na kupita kwenye wavu. Nyuki wanarudi mzingani weupe kama wapishi wa maandazi. Wakati wa kurina nawaachia masega kadhaa, maana kundi lenye njaa halina nguvu ya kujisafisha.

Mwezi uliopita nilihesabu tisa. Ulaya wengi wangekimbilia dawa. Nilifunika mzinga, nikapanda baiskeli yangu.