PDF Imeshaibiwa, Uza Kingine

Kila anayeandika kitabu cha ufundi, kiwe cha programu za kompyuta, cha uhasibu, cha umeme wa majumbani au cha ufugaji wa kuku wa mayai, atafika siku atakapokikuta kitabu chake kwenye kundi la WhatsApp. Hakuna aliyemwomba ruhusa. Aliyekirusha ameandika "karibuni wadau", na wanakundi wanamshukuru yeye, si mwandishi. Hasira ya mwandishi ni halali, na sheria iko upande wake: Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Lakini hasira hailipi ada ya shule. Waandishi wetu wengi wa fani hizi wanamaliza nguvu zao pale ambapo hakuna fedha ya kuokota.

Kumfukuza haramia ni mbio zisizo na mwisho. Novemba 2022 serikali ya Marekani ilinyakua anwani nyingi za Z-Library, maktaba ya magendo yenye mamilioni ya vitabu, na Warusi wawili wakakamatwa Argentina kwa tuhuma za kuiendesha. Miezi michache baadaye wasomaji walikuwa wameshaipata tena. Kama hayo yaliishinda Marekani na mkono wake mrefu, ofisi zetu za hakimiliki, KECOBO ya Nairobi na COSOTA ya Dar es Salaam, haziwezi kuingia kila kundi la Telegram la wanafunzi wa mwaka wa pili. Mwandishi anaweza kuiandikia Google iondoe viungo vya wizi kwenye matokeo ya utafutaji. Kwa Kenya, marekebisho ya sheria ya 2019 yanamruhusu pia kumpa notisi mtoa huduma wa intaneti aifunge nakala haramu. Afanye hivyo, kwa sababu ni haki yake. Lakini huko ni kufagia uani tu. Duka linabaki kusubiri bidhaa.

Tufanye hesabu ya duka. Kitabu cha uhasibu kinauzwa shilingi 20,000 za Tanzania. Mwandishi aliyesaini mrabaha wa asilimia 10 ya bei anapata 2,000 kwa nakala, kwa hiyo ili apate milioni moja zinatakiwa ziuzwe nakala 500. Mafunzo ya siku moja ya watu 20, kila mmoja akilipa 50,000, yanaleta milioni hiyo hiyo kabla ya kutoa gharama za ukumbi na chai. Na hao 20 wanakuja kwa nani? Kwa yule ambaye kitabu chake wamekisoma, hata kama wengine walikisoma kwa PDF ya kuombaomba. Mtu wa namna hiyo hakununua, lakini analijua jina, na siku bosi wake akiuliza nani aje kuwafundisha watu wa idara ya fedha, jina atakalolitaja ni hilo.

Hoja hii si ngeni. Mwaka 2002 Tim O'Reilly, mchapishaji maarufu wa vitabu vya kompyuta Marekani, aliandika kwamba kutojulikana ni hatari kubwa zaidi kwa mwandishi kuliko uharamia. Wengi waliichukua kauli hiyo kama ruhusa ya kulala. Sisi tunaona ilikuwa nusu ya ukweli, na ilitoka kwa mtu ambaye tayari alikuwa na jina na kampuni. Kujulikana peke yake hakulipi. Lazima pawe na mlango ambao anayekujua ataupitia akiwa na fedha mkononi. Kampuni ya O'Reilly yenyewe iliuona mlango huo. Mwaka 2017 iliacha kuuza vitabu vya kielektroniki kimoja kimoja kwenye tovuti yake, ikaelekeza nguvu kwenye usajili, ambako mtu au kampuni hulipia kuingia kwenye maktaba nzima. Aliyewaambia waandishi wasiogope wizi wa faili aliishia kuacha kuuza faili kwenye duka lake mwenyewe.

Aliyetufundisha zaidi ni Robert Nystrom, mhandisi wa programu aliyewahi kufanya kazi kwenye kampuni ya michezo ya Electronic Arts. Alipoandika Game Programming Patterns alikuwa akiweka kila sura kwenye tovuti yake, bure, mara tu inapokamilika. Wasomaji walimsahihisha makosa, wakaacha barua pepe zao ili wajulishwe sura inayofuata. Kitabu kilipokamilika mwaka 2014, alikuwa na umati unaosubiri. Akakichapisha mwenyewe, bila kampuni, akauza nakala za karatasi na za kielektroniki huku tovuti ikibaki wazi. Akarudia njia hiyo hiyo na Crafting Interpreters, kilichotoka kwenye karatasi mwaka 2021, kitabu cha kurasa zaidi ya 600 chenye michoro aliyoichora kwa mkono. Vyote viwili bado vinasomwa bure. Nani atamwibia, na ataiba nini? Anayelipa ananunua kitabu kizuri cha kukaa juu ya meza, cha kuandikia pembeni, cha kumzawadia mwenzake. Wengine hulipa kwa sababu tu wanampenda, na hilo lisidharauliwe.

Tuseme kweli, Nystrom ana mshahara wa uhandisi, anaandika Kiingereza, na wasomaji wake wametapakaa dunia nzima. Mtu wa Morogoro anayeandika kwa Kiswahili jinsi ya kufunga pampu ya maji inayotumia umeme wa jua hana soko hilo. Akiweka kila kitu bure asubiri mapenzi, atasubiri sana. Njia ya kumfaa ni ile ya Nathan Barry, mbunifu wa programu za simu, ambaye mwaka 2012 aliuza kitabu chake kwa vifurushi vitatu: anayetaka kitabu peke yake alilipa kidogo, na anayetaka video na faili za kufanyia kazi alilipa mara kadhaa ya bei hiyo. Michael Hartl naye aliacha kitabu chake cha kufundisha Ruby on Rails, zana ya kujengea tovuti, kikisomwa bure mtandaoni kwa miaka mingi, akauza nakala za kupakua pamoja na video.

Kwa mwandishi wa ufugaji hiyo ina maana hii. Kitabu kiende kwa bei ya chini. Juu yake auze jedwali la Excel la kukokotoa chakula na gharama za kuku 200 hadi watakapoanza kutaga. Juu yake tena auze nafasi kwenye kundi la WhatsApp la kulipia kila mwezi, ambako mfugaji anatuma picha ya kuku anayezubaa saa mbili usiku na kujibiwa. Mwizi anaweza kurusha kitabu, na jedwali pia tukubali, lakini jibu la saa mbili usiku hawezi kulirusha.

Bidhaa nyingine isiyoibika kirahisi ni upya, na hapa waandishi wa Afrika Mashariki wana bahati ambayo hawajaitumia. Kenya na Tanzania huanza mwaka wa fedha tarehe 1 Julai, na karibu kila mwaka Sheria ya Fedha hugusa viwango vya kodi, misamaha, ada na adhabu. Mwongozo wa kodi wa mwaka jana, hata ukisambaa kwa simu milioni, mwezi Julai unageuka mtego kwa anayeutumia. Kwa nini basi mwandishi auze toleo moja na kunyamaza miaka minne? Auze usajili: lipa mara moja kwa mwaka, kila sheria ikibadilika upate kurasa mpya. Leanpub, jukwaa la Kanada linalompa mwandishi asilimia 80 ya mauzo, limejengwa juu ya wazo la karibu na hilo. Kitabu huuzwa hata kabla hakijakamilika, na mnunuzi hupata bure kila toleo jipya la kitabu hicho. Anayenunua mapema anajua atapewa kipya. Aliyeiba analazimika kuiba tena kila mwezi, na wengi huchoka.

Kuhusu kufuli za kidijitali hatuna mengi ya kusema. Zinamwadhibu aliyelipa. Amebadilisha simu, kitabu hakifunguki. Mwizi wake anasoma bila shida. Pragmatic Bookshelf ya Marekani huuza faili zisizo na kufuli, ila huandika jina la mnunuzi kwenye kurasa. Mtu hufikiri mara mbili kabla ya kurusha kundini kitu chenye jina lake.

Jambo kubwa kuliko kufuli ni urahisi wa kulipa. Wasomaji wengi wa kwetu hawana kadi ya kununulia mtandaoni, na kitabu kinachouzwa Amazon peke yake kwao ni sawa na kitabu kisichouzwa. Kijana anayeandika "naomba PDF" mara nyingi hajakataa kulipa. Hajaona pa kulipia. Weka namba ya M-Pesa au Airtel Money kwenye ukurasa wa kwanza na wa mwisho wa kitabu chenyewe, na maneno mawili: kama umekipata bila kulipa na kimekusaidia, lipia hapa. Faili ikisafiri, dirisha la malipo linasafiri nayo. Uza sura moja kwa bei ya kifurushi cha data. Anayetaka kujifunza kukokotoa mishahara tu ana haki ya kutolipia sura ya ukaguzi wa hesabu.

Sasa kuna mwizi ambaye hatukubali asamehewe kwa hoja za kujulikana. Huyo ni taasisi. Nenda kwenye steshenari yoyote iliyo jirani na chuo utakuta vitabu vizima vimerudufiwa na kufungwa waya, vikiwa vimepangwa kwa kozi, na aliyeagiza wanafunzi wakavichukue pale ni mhadhiri mwenyewe. Chuo kina bajeti. Kina ofisi ya manunuzi. Mwanafunzi anayehesabu nauli tutamwelewa. Chuo kinachotoza ada kisha kikafundishia kitabu ambacho hakijakilipia hatukielewi. Uingereza chama cha ALCS, kilichoanzishwa 1977, huwagawia waandishi fedha zinazotokana na kazi zao kurudufiwa, na waandishi wa vitabu vya taaluma ni miongoni mwa wanaonufaika. Kwetu Kenya ina KOPIKEN na Tanzania ina KOPITAN, vyombo vilivyoundwa kwa kazi hiyo hiyo. Vyuo vikuu na vyuo vya ufundi vya umma vichukue leseni na kulipa, na wizara zinazohusika ziviulize kwa maandishi ambavyo havijalipa. Mwandishi naye asingoje wizara. Kabla hajamaliza kuandika, akiuzie chuo, chama cha ushirika au SACCOS nakala 300 za mwongozo wenye nembo yao kwenye kava. Malipo ya awali ya mteja mmoja wa namna hiyo yanaweza kugharimia uchapaji wote.

Yote haya yanategemea karatasi moja ambayo waandishi wengi huisaini siku ile ile wanapoletewa, nayo ni mkataba. Wapo waliosaini kifungu kinachompa mchapishaji haki za kidijitali, za tafsiri na za "namna nyingine yoyote" kwa muda wote wa hakimiliki, na leo hawawezi hata kuweka sura moja kwenye tovuti yao wala kutoa toleo jipya kwa usajili. Haikuwa lazima iwe hivyo. Al Sweigart na Marijn Haverbeke vitabu vyao vya programu vinauzwa na No Starch Press ya Marekani, na vinasomwa bure mtandaoni kwa ridhaa ya mchapishaji huyo huyo. Mwandishi wa kwetu aombe haki za mtandaoni, mafunzo na video zibaki kwake, au zirudi kwake baada ya miaka miwili. Mchapishaji akikataa hata kulijadili hilo, wapo wapiga chapa mjini watakaomtolea nakala 200 za kuanzia, na namba ya kupokelea malipo iko kwenye simu yake mwenyewe.