Mechi ya 18 Ataibeba Nani?

Mechi ya NFL, ligi kuu ya futiboli ya Kimarekani, huhesabiwa dakika 60, lakini mpira wenyewe huwa mchezoni kwa dakika kama 11 tu. Muda uliobaki watu wanajipanga, wanapeana mbinu au wanaiacha saa iende. Kwa mtazamaji aliyezoea dakika 90 za soka, hiyo ni kazi nyepesi. Kwa hiyo uongozi wa ligi unapozungumzia kuongeza msimu kutoka mechi 17 hadi 18, jambo huonekana dogo. Tatizo ni kupima kazi hii kwa saa. Katika sekunde chache mkimbiaji hukabidhiwa mpira tumboni, huinamisha bega, kisha hugongana na watu wawili watatu, wengi wao wa kilo 100 na zaidi, waliokuja mbio kumwangusha. Anainuka, anabandua majani kwenye helmeti, anarudi kujipanga. Mara 20 au 25 kwa siku moja.

Tuhesabu basi mibebo badala ya dakika. Mwaka 2006 Larry Johnson wa Kansas City Chiefs alibeba mpira mara 416, rekodi ya ligi, akapata yadi 1,789. Msimu uliofuata alicheza mechi 8 na kuambulia yadi 559. DeMarco Murray alibeba mara 392 mwaka 2014 akiwa Dallas, akavuna yadi 1,845. Mwaka 2015, akiwa Philadelphia, alipata 702. Atatokea wa kusema kwamba aliyefika kileleni hana pa kwenda ila kushuka, na kwamba Derrick Henry, baada ya mibebo 378 mwaka 2020, bado alipata yadi 1,921 mwaka 2024 akiwa na miaka 30. Hoja ina uzito, na sidai kuna idadi ambayo mwili ukiivuka lazima uvunjike. Lakini Henry huyohuyo aliumia mguu mwaka 2021 baada ya mechi 8 na mibebo 219, akakosa mechi zote zilizobaki za msimu wa kawaida. Ukimtaja kama shahidi, utaje na mapumziko yake.

Utetezi wa pili ni wa ujanja zaidi: mechi moja ya maandalizi itafutwa, basi jumla haibadiliki. Ndivyo ilivyofanyika mwaka 2021, mechi za maandalizi zilipopunguzwa kutoka nne hadi tatu ili ya 17 ipate nafasi. Ila nyota hawachezi mechi hizo, au hucheza kidogo sana. Wanaozicheza ni vijana wanaowania namba. Anayepunguziwa mzigo si yule anayeongezewa. Mechi ya 18 ingeeleweka kama ingekuja na wiki ya pili ya mapumziko, na kama timu iliyocheza Jumapili isingeitwa tena uwanjani Alhamisi, ikiwa na siku tatu tu katikati.

Makocha wenyewe wanajua kwamba mkimbiaji anahitaji kupunguziwa mzigo. Januari 2025 Saquon Barkley wa Philadelphia Eagles alikuwa na yadi 2,005 msimu huo, amebakiza 101 tu kuivunja rekodi ya yadi za msimu mmoja ya Eric Dickerson ya mwaka 1984. Kocha wake, Nick Sirianni, alimweka benchi katika mechi ya mwisho, kwa kuwa nafasi ya timu katika mtoano ilikuwa imeshajulikana. Mwezi uliofuata Eagles walitwaa Super Bowl, fainali ya ligi, kwa 40-22. Lakini timu itakayofika mechi ya 18 ikisaka ushindi wa mwisho ili iingie mtoano haitaweza kufanya hivyo. Mkimbiaji wake atabeba tu.