Acheni Mkeka, Tazameni Jukwaa

Kuna imani iliyoota mizizi hadi hakuna anayeihoji: kwamba mjuzi wa sanaa za maonyesho utamtambua kwa kumtaja mshindi mapema. Kaa kwenye benchi la watazamaji mashindano ya shule yanapofanyika Korogwe au Handeni, utaisikia kabla kundi la pili halijapanda. "Hawa wameshabeba." "Wale hawafiki mkoani." Anayesema hivyo husikilizwa kama mtaalamu, na akipatia mara mbili tatu, walimu humfuata kumuuliza mwaka ujao waandae nini. Mimi nasema imani hiyo ni ya uongo, na katika wilaya zetu hizi mbili inaua maigizo.

Mtabiri hasomi igizo. Anasoma waamuzi. Tazama New York, ambako kukisia wateule na washindi wa tuzo za Tony kumekuwa shughuli ya msimu mzima. Tuzo hizo zimekuwepo tangu 1947 na zinahusu kumbi 41 tu za Broadway. Maonyesho mapya ya mwaka yanahesabika, wapiga kura wengi ni watu wa tasnia hiyohiyo, na kabla ya usiku wenyewe kuna tuzo nyingine za jiji hilo ambazo huwa zimeshaonyesha upepo unaelekea wapi. Mtu aliyeketi njia panda ya Segera, ambaye hajaona hata onyesho moja, anaweza kujumlisha hayo yote kwenye simu yake akapatia vipengele vingi. Lakini muulize mwigizaji alisimamaje pale alipopewa habari ya msiba, au ukumbi ulinyamaza wapi, hana la kukujibu.

Na hata hivyo mikeka ya watabiri, kama ile ya kubeti, huchanika. Mwaka 2004 wengi walikuwa na hakika kwamba Wicked, onyesho kubwa la fedha nyingi, lingetwaa Tony ya onyesho bora la muziki. Ikaenda kwa Avenue Q, linaloigizwa kwa vikaragosi. Kwetu huku tunaukumbuka Oktoba 2021. Kwa miaka mingi kampuni za kubeti za Ulaya zilikuwa zikimweka Ngũgĩ wa Thiong'o karibu na kilele cha orodha ya Nobel ya Fasihi, nasi tukarithi makisio yao kana kwamba ni uhakiki. Nobel ikamwendea Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, ambaye wengi wetu tulikuwa hatujasoma hata ukurasa wake mmoja. Riwaya yake ya Paradise ilitoka kwa Kiswahili mwaka uliofuata, kwa jina la Peponi. Tulikuwa tumeshughulika mno na nani atashinda, tukasahau kuuliza nani anaandika nini.

Ngũgĩ mwenyewe ni ushahidi mwingine, na huu ni wa jukwaani. Mwaka 1977, yeye na Ngũgĩ wa Mirii walishirikiana na wakulima na wafanyakazi wa Kamirithu, karibu na Limuru nchini Kenya, kuigiza Ngaahika Ndeenda kwa Kigikuyu. Serikali ikapiga marufuku onyesho hilo baada ya wiki chache, na mwisho wa mwaka Ngũgĩ akawekwa kizuizini bila kesi. Kamati gani ya uteuzi ingewaweka wanakijiji wale kwenye orodha yake? Leo huwezi kuandika historia ya maonyesho ya Afrika Mashariki ukairuka Kamirithu.

Jirani zetu hao wa Kenya wana tamasha la taifa la maigizo ya shule lililoanza 1959, na huko nako kukisia mshindi ni mchezo unaopendwa. Aprili 2025 mashindano yalikuwa Nakuru. Wasichana wa Butere walikuwa na igizo la Echoes of War, la mtunzi Cleophas Malala. Malala alikamatwa, na wasichana walipofika jukwaani waliimba wimbo wa taifa wakaondoka bila kuigiza. Nje, polisi walirusha mabomu ya machozi. Kombe la mwaka ule lilikuwa na mshindi wake, lakini muulize Mkenya yeyote anakumbuka igizo gani la 2025. Atakutajia lile ambalo halikuchezwa.

Narudi nyumbani, ambako madhara ya imani hii nayaona kwa macho. Wanafunzi wetu hupanda jukwaani katika fani za ndani za UMITASHUMTA (mashindano ya shule za msingi) na UMISSETA (ya sekondari), kwenye mahafali, Siku ya Mtoto wa Afrika kila 16 Juni, Siku ya Ukimwi Duniani, na Mwenge unapopita. Mwalimu anayeandaa huanza na swali la mkeka: majaji watataka nini? Jibu analo tayari, kwa kuwa kauli mbiu imeshatangazwa. Basi linazaliwa igizo lilelile. Baba mlevi anaingia akiyumba na chupa tupu, watu wanaangua kicheko. Binti anaacha shule kwa sababu ya ujauzito, analia huku mkono mmoja umeshika tumbo la kitenge kilichokunjwa chini ya gauni. Shangazi anamtetea, jirani anasengenya. Mwishoni anaingia kijana aliyevaa koti la kuazima linalomfunika vidole, ndiye afisa mtendaji, naye anasimama katikati na kutoa hotuba inayotaja kauli mbiu neno kwa neno. Kundi zima linapanga mstari, linainama, linapigiwa makofi.

Nimemtazama mtoto aliyecheza huyo baba mlevi. Alikuwa na kipaji cha kweli. Aliweza kunyamaza, akamtazama binti yake kwa jicho la mtu anayejua kosa ni lake, na kwa sekunde kadhaa watazamaji waliacha kucheka. Kisha akakumbuka alivyofundishwa, akayumba tena ili wacheke. Zile sekunde ndizo zilikuwa igizo. Mtabiri aliyekuwa karibu yangu hakuziona, alikuwa akihesabu kama kundi limezidisha muda.

Wapo watakaonijibu kwamba kukisia huleta watu uwanjani, na kwamba ushindani hunoa vipaji. Ushindani siupingi. Wapo pia wanaosema mshindi hupangwa kwenye karatasi kabla ya siku, kwa hiyo hakuna haja ya kutazama. Hao nao ni watabiri, wamebadilisha sababu tu, na hawatazami vilevile. Hoja nzito ni ya walimu. Wanasema: sisi tukikosa nafasi, watoto hawapandi basi la kwenda Tanga, na kwa wengine ndiyo nafasi pekee ya kuona bahari. Hoja hiyo naiheshimu kuliko zote. Lakini inahusu nauli, haihusu sanaa, na haiwezi kuwa sababu ya kumnyima mtoto igizo linalomfaa.

Na mali ya kuigiza tunayo, tena ya hapahapa. Abdallah bin Hemedi aliandika kwa Kiswahili, mwishoni mwa karne ya 19, kitabu cha Habari za Wakilindi. Kinaanza na Mbega, mtoto wa Nguu, nchi ambayo leo imo katika Wilaya ya Kilindi, iliyomegwa kutoka Handeni mwaka 2002. Mbega aliota meno ya juu kwanza, akaitwa kigego, na ndugu zake wakamnyima urithi kwa kisirani walichomtabiria. Akawa mwindaji. Rafiki yake, mtoto wa mkubwa wa Kilindi, akafa walipokuwa wakiwinda nguruwe, Mbega akakimbia. Akapanda Usambara na mbwa wake, akawagawia watu nyama, akaamua kesi zao, akaua simba, hadi wakamfanya mfalme huko Vugha, juu ya milima ile unayoiinulia macho ukiwa Mombo. Shule ngapi za Korogwe zimewahi kumpandisha Mbega jukwaani? Igizo hilo lina ugomvi wa urithi, lina mauti ya rafiki na woga wa kwenda kuwaambia wazazi wake, lina mgeni anayepokelewa. Ukiingiza selo ya Wazigua katika sehemu ya Nguu na mdumange ya Wasambaa katika sehemu ya Vugha, ngoma zinakuwa sehemu ya hadithi, si pambo la kuwaburudisha wageni meza kuu.

Mwalimu mmoja nilimpa wazo hili akalipenda, kisha akasema, "Halina ujumbe, halitashinda." Yaani mtoto aliyehukumiwa kwa meno yake hana ujumbe kwa watoto wa Handeni! Imani ya mkeka imemfikisha mwalimu mwenye akili mahali pa kuona karatasi ya alama kabla ya kuona wanafunzi wake.

Maafisa utamaduni wa halmashauri zetu nne, Handeni, Handeni Mji, Korogwe na Korogwe Mji, nawaomba hili. Mashindano ya UMITASHUMTA na UMISSETA yabaki kama yalivyo. Lakini kila mwaka pangeni siku mbili zisizo na kombe, shule za Korogwe ziigize Chanika, mjini Handeni, na za Handeni ziigize Korogwe, maana kati yetu ni lami ya kilomita 65 tu. Waamuzi wakae chini pamoja na wananchi, na kila igizo likiisha wawaambie watoto, mbele ya wazazi, walichokiona: nani alisikika hadi nyuma, tukio gani liliwashika, wapi walichoka. Mtazamaji yeyote akitaka kusema, apewe nafasi. Igizo la kwanza liwe Mbega.